Kioo cha simu kwenye jiji la mchanga: tathmini baada ya miaka miwili

Simu ninayoitumia ina miaka miwili na miezi minne mkononi mwangu. Imeanguka mara nyingi, na anguko lililokivunja kioo chake lilikuwa dogo kuliko yote. Mara ya kwanza iliniponyoka kwenye kituo cha mabasi ya Mwendokasi cha Gerezani, hapa Dar es Salaam, kutoka usawa wa bega hadi kwenye zege, ikatua kifudifudi. Niliiokota nikiwa nimeshakubali hasara, nikakuta kioo ni kizima bila hata alama. Miezi ishirini tangu niinunue, iliteleza kutoka kwenye stuli nyumbani Kigamboni, kimo kisichofika goti, ikagonga marumaru na kupasuka kutoka kona ya chini hadi ya juu. Jambo hilo lilinisumbua kiasi cha kunifanya nitafute kujua kioo hiki kimetengenezwaje, ni nini hasa hukivunja, na kama protekta tunazobandikiwa Kariakoo zina thamani ya fedha tunazozitoa.

Nianze na kioo chenyewe, kwa sababu wauzaji wengi hukisifu bila kueleza ugumu wake unatoka wapi. Kioo chochote huvumilia sana kubanwa na huvumilia kidogo mno kuvutwa, na uso wake haukosi nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho. Mhandisi Mwingereza A. A. Griffith alieleza katika andiko lake la mwaka 1921 kwamba nyufa hizo ndizo zinazoamua kioo kitavunjika lini: nguvu inayokivuta hukusanyika kwenye ncha ya ufa, ufa ukafunguka, na ukishavuka kiwango fulani hakuna cha kuuzuia. Kwa hiyo anayetaka kukiimarisha kioo hutafuta namna ya kuuweka uso wake katika hali ya kubanwa muda wote, ili kila ufa uwe umefumbwa kabla haujapata nafasi ya kufunguka.

Kwenye simu, kazi hiyo hufanywa kwa kemia. Kioo chenye alumini, silika na chembe za sodiamu huzamishwa ndani ya chumvi ya potasiamu iliyoyeyushwa kwa joto la nyuzi 400 hivi za sentigredi, kikaachwa humo kwa saa kadhaa. Chembe za sodiamu zilizo karibu na uso hutoka, na nafasi zao huchukuliwa na za potasiamu, ambazo ni kubwa zaidi. Aliyewahi kupanda daladala ya Mbagala jioni anaweza kuyaelewa matokeo yake bila maelezo mengi: siti iliyokuwa na watu watatu wembamba, wakishuka hao na wakakaa watatu wanene, kila mmoja humbana mwenzake na hakuna anayeweza kusogea. Mbanano huo ndio nguvu ya kioo cha simu. Kina chake ni kidogo mno, mara nyingi sehemu ya kumi ya milimita au pungufu, na chini yake, katikati ya kioo, kuna mvutano unaoupinga. Msomaji akishike hicho kina kidogo, kwa sababu karibu yote niliyoyaona baadaye yanarudi hapo.

Vioo vya madirisha ya pembeni ya magari navyo huimarishwa, ila kwa njia nyingine: hupashwa moto kisha hupulizwa hewa baridi kwa ghafla, uso ukakakamaa kabla ya ndani. Ndiyo maana vikivunjika humwagika barabarani kama punje za mahindi. Njia hiyo haifai kwa simu, kwa kuwa unene wa nusu milimita hautoshi kuufanya uso na ndani vitofautiane joto kiasi kinachohitajika.

Kampuni ya Corning ya Marekani ilitangaza kioo kilichoimarishwa kwa kemia, kwa jina la Chemcor, mwaka 1962, lakini kwa muda mrefu hakikupata soko la kutosha. Soko lilikuja na simu za kugusa. iPhone ya kwanza ilionyeshwa Januari 2007 ikiwa na uso wa plastiki, na kabla haijaanza kuuzwa Juni mwaka huohuo Apple ilitangaza kwamba uso huo sasa utakuwa wa kioo, kwa maelezo kwamba kioo hustahimili mikwaruzo zaidi na huonyesha vizuri zaidi. Kutokea hapo jina la Gorilla Glass, kioo cha simu cha Corning, likaenea duniani, na wapinzani wake wakafuata, wakiwamo Dragontrail ya kampuni ya AGC ya Japani na Xensation ya Schott ya Ujerumani.

Sasa nije kwenye mchanga, ambao kwa maoni yangu ndio adui mkubwa wa simu katika jiji hili. Wengi wetu tumezoea kuogopa funguo na sarafu, tukazitenga mfuko wa kulia na simu mfuko wa kushoto. Hofu hiyo ilikuwa na maana enzi za nyuso za plastiki. Kwenye mizani ya ugumu iliyotungwa na Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812, inayoanzia 1 na kuishia kwenye almasi yenye 10, vioo vingi vya simu huanza kukwaruzika kwenye 6, na metali za funguo na sarafu za kawaida ziko chini ya hapo. Mchanga, kwa sehemu kubwa, ni punje za madini ya kwatzi, na kwatzi ina 7. Punje moja isiyozidi ncha ya sindano inaweza kukifanyia kioo kile ambacho funguo za nyumba nzima haziwezi.

Mimi huvuka na pantoni kila siku, nikipita kwenye mchanga kabla ya kufika Feri na kwenye vumbi baada ya kushuka. Siku niliyoanza kulifikiria jambo hili niliukung'uta mkoba wangu juu ya karatasi nyeupe, zikaanguka punje zinazotosha kujaza kijiko cha chai, nyingine nyeupe na nyingine rangi ya kahawia, zenye kona zinazong'aa. Nilichukua chache nikazisugua kwa kidole juu ya kioo cha simu ya zamani isiyotumika. Sauti yake ilinisisimua meno, na nilipokielekeza kioo dirishani nikaona michirizi myembamba kama nywele ambayo haikufutika kwa kitambaa wala kwa maji. Nikakumbuka kwamba simu yangu nimezoea kuitumbukiza mkobani ikiwa imesimama, kona ya chini ya kulia ikitangulia, yaani pale hasa mchanga unapojikusanya.

Simu ilipopasuka niliipeleka kwa fundi mmoja wa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Aliiweka chini ya hadubini anayoitumia kuchomea saketi, akakisogeza kioo taratibu akifuata nyufa kutoka juu kwenda chini, kama mtu anayefuata matawi kuelekea kwenye shina. Kisha akaniachia nafasi nitazame mwenyewe. "Dada, hiki hakijapasuka leo," aliniambia. "Kilianza siku nyingi, leo kimemalizia tu." Nyufa zote zilikutana mahali pamoja, karibu na kona ya chini ya kulia, na mahali hapo palikuwa na mkwaruzo mfupi, usiofikia urefu wa punje ya mchele, ambao nilikuwa nikiuona kila siku bila kuujali. Chini ya lenzi ulionekana kama mfereji wenye kingo zilizomeguka.

Maelezo ya fundi yanakubaliana kabisa na namna kioo hiki kilivyotengenezwa. Gerezani, uso ulikuwa bado mpya, na ule mbanano ulikuwa mzima kila mahali. Miezi mingi baadaye punje ya mchanga ilishachimba shimo lililokaribia kumaliza kina chote cha mbanano, likabaki limesogelea eneo lenye mvutano. Simu ilipogonga marumaru kioo kilijipinda kidogo, mfereji ule ukavutwa ukafunguka, na ufa ulipoingia kwenye mvutano wa ndani ukapata nguvu ya kujiendesha wenyewe. Unyevu wa hewa yetu ya pwani nao husaidia uharibifu, kwa kuwa molekuli za maji huingia kwenye ncha ya ufa na kukata viungo vya kioo polepole. Usiku ule kabla sijaenda kwa fundi niliiacha simu mezani, na asubuhi tawi moja la ufa lilikuwa limerefuka kwa upana wa kidole.

Kwa mtazamo huo, tarakimu za watengenezaji zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Corning ilisema mwaka 2020 kwamba Gorilla Glass Victus iliweza kuhimili kuanguka kutoka hadi mita 2 kwenye uso mgumu wenye kukwaruza, na mwaka 2022 ikasema Victus 2 inahimili mita 1 kwenye uso unaofanana na zege. Maabara zake hutumia msasa kuiga barabara, namba 180 kwa lami na namba 80 kwa zege, na hiyo ni njia ya haki ya kulinganisha kioo na kioo. Ila tarakimu hizo haziwezi kutabiri hali ya kioo kilichokaa mkobani miezi ishirini pamoja na mchanga. Anayenunua simu kwa kuitegemea mita 2 iliyoandikwa kwenye tangazo afahamu kwamba simu yenyewe, baada ya mwaka mmoja wa matumizi ya hapa kwetu, ina kioo tofauti na kile alichokitoa kwenye boksi. Hilo silioni kuwa kosa la mtengenezaji; kwangu ni sababu tosha ya kuulinda uso wa simu tangu siku ya kwanza, jambo ambalo sikulifanya kwa kuamini kwamba kioo kigumu hakihitaji msaada.

Fundi alinipa njia tatu. Skrini nzima halisi ilikuwa Sh 180,000, skrini nzima ya kopi Sh 75,000, na kubadilisha glasi ya juu peke yake, kwa kuwa skrini ya ndani ilikuwa inafanya kazi, Sh 45,000. Nilichagua ya tatu. Kazi yenyewe aliifanya kwa ustadi: aliilaza simu juu ya bamba la moto mpaka gundi ikalainika, akapitisha waya mwembamba kati ya glasi na skrini kama anayekata sabuni ya mche, akasafisha gundi ya zamani, akabandika glasi mpya bila povu hata moja. Kwa mikono yake ninampa sifa zote. Glasi yenyewe ni habari nyingine. Nilikaa nayo wiki mbili bila protekta ili niilinganishe na ya mwanzo, na nikaona kwamba kidole hakitelezi vizuri, mafuta ya uso hayafutiki kwa urahisi, na maji hutandaa juu yake badala ya kujikunja kuwa matone, dalili kwamba haina ule utando wa kuzuia mafuta ambao simu mpya huja nao. Ndani ya wiki hizo mbili ilipata michirizi mitatu. Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilipozima simu bandia, wengi tulijifunza kubonyeza *#06# ili kujua kama simu yetu ni halisi. Kwa glasi ya kubadilisha hakuna namba ya kubonyeza, mnunuzi anategemea neno la muuzaji, naye muuzaji anategemea neno la aliyemuuzia. Ningekuwa na fedha siku ile, ningelipa skrini halisi.

Kuhusu protekta, nimejaribu aina nne, zote za Kariakoo: ya kioo ya Sh 3,000 kutoka kwa machinga, ya kioo ya Sh 7,000 dukani, ya kioo ya Sh 15,000 inayozuia jirani asione unachosoma, na ile laini ya plastiki ya Sh 10,000 inayokatwa kwa mashine papo hapo. Zile tatu za kioo zote ziliandikwa 9H kwenye pakiti, na muuzaji wa ile ya bei kubwa aliniambia kwa kujiamini kwamba imebakiza daraja moja tu kuifikia almasi. Kauli hiyo nimeisikia madukani mara nyingi, na ni vyema ieleweke kwamba si sahihi. 9H haitoki kwenye mizani ya Mohs; ni daraja la penseli, ambapo penseli ngumu kuliko zote za kipimo hicho ni 9H, na uso usiochubuliwa nayo hupewa daraja hilo. Risasi ya penseli ni mchanganyiko wa grafaiti na udongo, nayo ni laini kuliko kioo. Kioo cha dirisha la jikoni kingefaulu kipimo hicho, kwa hiyo maandishi hayo hayamsaidii mnunuzi kuchagua.

Kinachotofautisha protekta moja na nyingine, kwa nilivyoona, ni gundi na kingo. Ile ya Sh 3,000 ilikuwa na gundi pembezoni tu, chini ya fremu nyeusi, huku katikati kukiwa na nafasi tupu. Tachi ilikuwa nzito, na kufikia wiki ya tatu vumbi lilikuwa limeingia na kuchora mstari wa kijivu juu yote. Vumbi lililonaswa kati ya protekta na kioo ndilo lile lile ninalolikimbia, sasa likiwa limefungiwa ndani. Niliibandua siku hiyo hiyo.

Ya Sh 15,000 haikuwa mbaya kwa uimara, lakini ilinidumu wiki mbili tu kwa hiari yangu. Inapunguza mwanga kiasi kwamba juu ya pantoni, jua likiwa kali, nililazimika kuongeza mwanga wa skrini hadi mwisho ili nisome ujumbe, na chaji ikawa inaisha kabla ya jioni. Anayeshinda ofisini anaweza kuifurahia. Ile ya plastiki niliikaa nayo mwezi mmoja: haipasuki, haina kingo za kukata kidole, na mikwaruzo midogo hufifia yenyewe, hata hivyo punje za mchanga huzama ndani yake na kuacha vidoti, na uso wake huwa na mawimbi unayoyaona taa ikiwa upande.

Iliyonitosheleza ni ya Sh 7,000, yenye gundi uso mzima. Kijana aliyenibandikia alizima feni kwanza, na hilo peke yake lilinifanya nimwamini. Alifuta kioo kwa karatasi yenye spiriti, akafuta tena kwa kavu, kisha akapitisha kipande cha gundi ya karatasi kunasa vumbi. Protekta ilipokaa tuliona povu moja karibu na kamera. Hakulikandamiza kwa kidole kama wengi wafanyavyo, aliinua kona, akaingiza ncha ya ile karatasi yenye gundi, akatoa unyoya mmoja wa nguo, akaiacha ilale yenyewe. Protekta hiyo ilidumu miezi minne, mpaka ilipoanguka kwenye zege pale Feri na kupasuka kwenye kona. Kioo cha simu chini yake kilikuwa kizima.

Hapa nataka niwe mwangalifu, kwa kuwa ni rahisi kusema protekta ilikiokoa kioo. Protekta nyingi zina unene wa milimita 0.3 hivi, wembamba kuliko kioo cha simu, na huweza kuvunjika kwa kishindo ambacho kioo cha simu kingekihimili bila shida. Kupasuka kwake hakuthibitishi kwamba kioo kingepasuka. Simu ikiangukia kona na mwili wake ukajipinda, protekta haina la kufanya, na hapo kinachosaidia ni kava yenye kingo zilizoinuka juu ya kioo na mpira mnene kwenye pembe. Protekta isiyoacha nafasi ya kava hiyo, ikasukumwa kingo na kuinuka, ni hasara mara mbili. Ninachoweza kukishuhudia bila wasiwasi ni kwamba kwa miezi hiyo minne mikwaruzo yote iliishia juu ya protekta, na glasi dhaifu ya kubadilisha haikupata hata mmoja zaidi ya ile mitatu ya mwanzo. Kwa simu ya Dar es Salaam, hiyo ndiyo kazi ninayoilipia.

Ningewaomba waagizaji wabadilishe maandishi ya pakiti: badala ya 9H waandike unene, aina ya kioo na kama gundi ni ya uso mzima, mambo matatu ambayo mnunuzi aliyesimama Aggrey kwenye msongamano anaweza kuyatumia kuchagua. Ninayoitumia sasa ni ya pili ya Sh 7,000 na ipo wiki ya sita. Mkoba ninaukung'uta kila Jumamosi, na bado protekta ina mikwaruzo miwili upande wa chini kulia, palepale ulipoanzia ule ufa wa kwanza. Mwisho wa mwezi nitaibandua na kuweka nyingine.